Star Trek au Doctor Who: ipi ilizaliwa kwa tabu zaidi?

MpendaRuninga: Wakuu, tubishane kidogo kuhusu hizi tamthilia mbili za runinga za sayansi ya kubuni, Star Trek ya Marekani na Doctor Who ya Uingereza. Mimi nasema Star Trek. Mbunifu wake, Gene Roddenberry, aliwapelekea televisheni ya NBC kipindi cha majaribio, wakakikataa eti kinafikirisha mno. Ikabidi atengeneze cha pili, ndipo ikaanza kuruka Septemba 1966. Studio ilikuwa Desilu, ya Lucille Ball, yule mchekeshaji. Na ule mtambo wa kuyeyusha watu na kuwaibusha sayari nyingine? Hawakuwa na hela ya kuonyesha chombo kikitua kila wiki!

Kibatari: Mkuu, tabu gani hiyo? Doctor Who ilianza 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Kennedy kuuawa. Nani alikuwa na hamu ya tamthilia? BBC wakarudia sehemu ya kwanza wiki iliyofuata. Mtayarishaji, Verity Lambert, alikuwa mwanamke ambaye hata miaka 30 hajatimiza. Mwongozaji, Waris Hussein, mzaliwa wa India. Hebu wafikirie kwenye BBC ya enzi zile! Halafu 1966 afya ya William Hartnell, mwigizaji wa mhusika mkuu, Doctor, ikazorota. Wengine wangefunga virago. Wao wakaamua mhusika abadilike mwili, akaingia Patrick Troughton. Ujanja huo ndio ulioiwezesha kudumu miaka yote hii.

Mwana wa Ngamiani: Kibatari kamaliza. Ila BBC haohao walifuta kanda ili wazitumie tena, ndiyo maana sehemu nyingi za miaka ya 60 hazipo. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba 9 kati ya zilizopotea zimekutwa kituo cha televisheni Jos, Nigeria. Walichofuta wao, Afrika kilikuwa stoo!

dada_Nuru: Jamani, mbona hamumtaji Uhura, mhusika wa Star Trek mwenye jina lililotokana na "uhuru" wetu? Nichelle Nichols aliyemwigiza alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza, Martin Luther King akamsihi abaki.

Kibatari: Dada, hilo nalipa heshima zake. Lakini Star Trek ilifungwa 1969, sehemu 79 tu.

MpendaRuninga: Ikafungwa, ndiyo, kisha marudio yakaipa mashabiki wengi kuliko ilipokuwa mpya. Hiyo nayo si tabu?

Pwagu77: Mmeisahau tamthilia ya The Prisoner, Uingereza 1967. Mlinzi wa kutisha alipangwa awe mashine; ikagoma, wakatumia puto la kupimia hali ya hewa. Na linatisha kweli! Sehemu 17, wikiendi moja umemaliza. Ila ile ya mwisho usiniulize imeishaje.