MJADALA: Komredi (mwanafunzi wa chuo) atolewe hosteli kabla kamati haijamsikiza? Tuongee ukweli

Mwanzisha mada, Kisumu
Wadau hamjambo. Nimeileta hii mada hapa juu imekuwa ikinikera kitambo, na najua humu kuna wazazi, makomredi, wenye ploti za Nyawita na Lurambi, na hata watu waliowahi kukaa kwa hizo kamati za nidhamu, kwa hivyo msiniogope, nirarueni tu.

Swali ni hili. Mwanafunzi akidaiwa kakosea ndani ya hosteli, chuo kina haki ya kumtoa rumu siku hiyo hiyo halafu kesi ije baadaye? Venye nimeona mambo yakienda huku kwetu ni hivi: soja na janita (mtunza hosteli) wanaingia msako usiku, wanapata koili ya umeme ya kupikia imefichwa kwa karai chini ya kitanda, ama wanapata pairati, yaani mtu asiyelipia kitanda humo, amelala sakafuni kwa godoro la spenji, wanaandika namba ya rumu na namba za usajili za wote wanaokaa humo, asubuhi mnaitwa ofisi ya hosteli mnapewa barua ya mistari mitatu. Mmevunja kanuni za makazi, rudisheni funguo kabla ya saa kumi, mtaitwa na kamati. Sasa hilo "mtaitwa" ndio shida yangu. Kamati inakaa ikijisikia. Kuna wanaoitwa semista imeisha, kuna wasioitwa kabisa, na hapo katikati mtu ametandika kwa rafiki, yaani mwenyewe sasa ni pairati, akishikwa tena hilo ni kosa la pili na faili inaanza kunona.

Ukiuliza unaambiwa kutolewa hosteli si adhabu, ni hatua ya utawala tu. Hapo nakataa kabisa. Mtoto wa mama mboga anayelala hosteli ya chuo juu ndio anaweza kulipia, ukimtoa leo anaenda kutafuta nyumba nje penye mwenye ploti anataka kodi ya mwezi na dipositi papo hapo, katikati ya semista, mitihani ya CAT iko karibu. Hiyo inauma kuliko barua ya onyo ambayo kamati itampa mwishowe. Sasa ebu nielezeni, adhabu ndogo mpaka watu wakae meza ndefu, adhabu kubwa inatolewa mlangoni na mtu ameshika bunda la funguo?

Na sisemi kwa hisia tu. Katiba ya 2010, kifungu cha 47, inasema hatua za utawala ziwe za haki na za haraka, na kama uamuzi unagusa haki zako upewe sababu kwa maandishi. Ikaja sheria ya 2015 ya kutekeleza hicho kifungu ikataja vitu kimoja kimoja: uambiwe mapema unadaiwa nini, upewe nafasi ya kujitetea, uonyeshwe ushahidi wanaoutegemea, umuulize maswali anayekushtaki, uambiwe unaweza kukata rufaa. Na vyuo vya kibinafsi visijidai haviko humo, hiyo sheria inamgusa yeyote ambaye uamuzi wake unagusa haki za mtu, awe wa serikali awe si wa serikali.

Haya, uwanja ni wenu.

Janita mstaafu
Mwanangu umeandika vizuri lakini hujawahi kulala kwa hizo bloku ukiwa ndiye wa kuulizwa. Mimi nimefanya hiyo kazi mpaka nikastaafu. Koili moja ikiwashwa kwa soketi iliyochoka, bloku nzima giza, nyaya zinanuka kuungua, na simu ya kwanza inapigwa kwangu si kwa kamati. Mwaka 2024 tuliona Endarasha kule Nyeri, watoto 21 walikufa bwenini. Sisemi ilikuwa koili, sijasema hivyo, nasema moto ukishaingia penye vitanda vimebanana hakuna mwenye atauliza kama utaratibu ulifuatwa. Rumu ya wanne unakuta wamelala wanane, tisa, choo kimeziba, maji ya tangi yameisha saa tano asubuhi, halafu wale waliolipa wanakuja kwangu kulia. Nikae nikingoja kamati? Huyo jamaa leo usiku anapika tena. Githeri kabisa, masaa manne mzima!

Lakini wacha niseme kitu kimoja ambacho watu hawajui. Janita hamtoi mtu. Janita anaandika ripoti na anapewa amri kutoka juu. Na miaka yote hiyo sikuwahi kuitwa mbele ya kamati kueleza nilichoona. Karatasi yangu ndio ilikuwa ikienda.

Komredi wa kike, Kakamega
Mzee wangu asante kwa hiyo ya mwisho juu ndio iliniua. Chuo sikitaji. Rumu yetu ilipatikana na koili nikiwa nyumbani Butere kwa matanga ya shangazi, nimesaini kitabu cha kutoka pale geti, jina langu liko na saa iko. Nikarudi Jumatatu nikakuta godoro langu kwa korido, vitabu vimerundikwa kwa beseni langu la kufulia. Nauliza, naambiwa "kosa ni la rumu". Kosa la rumu ni nini jameni? Rumu haina mikono.

Nikaitwa kwa kamati baadaye sana. Unaingia, watu wamepanga mstari, chai na mandazi mbele yao, wewe kiti kiko mbali kidogo kwa ukuta. Hakuna aliyejitambulisha. Swali la kwanza, "hiyo koili ni ya nani?" Sasa fikiria. Nikitaja, narudi kuishi na huyo mtu na marafiki zake. Nisipotaja, sote wanne. Nikasema nilikuwa matanga, angalieni kitabu cha geti. Mmoja akasema kitabu hakijaletwa. Si mkilete sasa, ni hatua chache tu kutoka hapo? Wakaandika kitu, wakaniambia niende. Majibu yakaja tumepewa onyo na tutalipa soketi, ikakatwa kwa koshen mani, ile pesa ya dhamana tunayoweka chuoni. Onyo tu! Na nilikuwa nimeshakaa nje semista karibu yote, deni ya dipositi nadaiwa hadi wa leo.

Mzazi wa Njoro
Naheshimu maoni yenu ila mimi mtoto wangu ako chuo na nalala nikiwaza. Kuna watu kwa hizo hosteli wanauza bangi, kuna wa visu. Mnataka waandikiwe barua, wasubiri, walete wakili, huku wanalala kitanda cha juu na mtoto wangu cha chini? Fukuza kwanza. Asiye na hatia atarudi.

Mwenye ploti, Nyawita
Fukuzeni tu. Sisi huku tuna nafasi 😂😂 bedsita iko, maji iko, na pairati sihesabu bora kodi ifike.

Komredi wa kike, Kakamega
@Mzazi wa Njoro baba, "atarudi" wapi? Kitanda changu kilipewa mtu mwingine wiki ileile. Alilipa, ana risiti, yeye naye utamtoa?

Wakili mdogo, Milimani Kisumu
Ngoja niingie hapa kidogo na si ushauri rasmi, nisije nikatafutwa. Kuna kesi ya zamani ya wanafunzi watano dhidi ya Egerton, ya mwaka 1990, bado inatajwa kortini hadi leo. Mahakama ilisema haipendi kujiingiza kwa maamuzi ya ndani ya vyuo, vyuo viachiwe kazi yao, lakini itaingia pale inaonekana wazi mtu aliamuliwa bila kusikizwa kwa haki. Hiyo ni 1990, kabla ya katiba mpya. Kwa hivyo hii ya "ni mambo yetu ya ndani" ilishajibiwa mkiwa hamjazaliwa wengi wenu.

Pili, kosa ambalo makomredi wanafanya ni kukimbia kortini moja kwa moja. Sheria ya 2015 kifungu cha 9 inataka kwanza umalize njia za rufaa za ndani ya chuo, la sivyo jaji anakurudisha bila hata kugusa kama ulionewa, isipokuwa awe amekuruhusu kwa sababu maalum. Watu wanapoteza hapo. Kesi nzuri kabisa inaanguka kwa sababu hakuna barua ya rufaa.

Tatu, msidanganyane kwamba wewe ni mpangaji. Sheria ya udhibiti wa kodi ina baraza lake lakini ni la nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kitanda cha hosteli kwa kawaida kinachukuliwa kama ruhusa ya kukaa, si upangaji. Hiyo ndiyo sababu wanaweza kubadilisha kufuli haraka hivyo. Kinga yako ni ule utaratibu wa kusikizwa, ukiuacha uende huna kingine.

Nne, kwa mzazi: hatari ya kweli inaruhusu hatua ya haraka. Hakuna sheria inasema mwenye kisu aachwe. Lakini hatua ya haraka inafuatwa na kikao cha haraka, haifuatwi na kimya.

Dada wa Kisii, nilimaliza chuo
Nasoma nanyamaza lakini wacha niseme. Nyote mnaongea kama hosteli kosa ni koili na pairati. Kuna sisi tulioshikwashikwa kwa ngazi na mtu anayekaa bloku hiyo hiyo, ukaripoti, ukaambiwa "subiri kamati". Nikasubiri. Kila siku nachota maji bomba moja na yeye. Mwishowe mimi ndio nilihama, nikalipa nyumba ya nje, yeye akabaki kwa kitanda chake akimaliza masomo raha mustarehe. Kwa hivyo mwanzisha mada ukisema mtu asitolewe kabla ya kusikizwa, mimi nasikia "dada endelea kuvumilia". Nijibu hiyo.

Mwanzisha mada, Kisumu
Dada pole, na hilo swali ndilo gumu kuliko yote hapa, sitalikwepa. Kumtoa mtu hosteli na kumhamisha ni vitu viwili. Siku unaporipoti, anayelalamikiwa ahamishwe bloku nyingine ama kampasi ina nyumba ya wageni akae huko, kitanda chake kisipewe mtu, na barua imwambie hii si hukumu, kikao ni tarehe fulani. Yeye ndiye ahame, si wewe. Hajanyang'anywa masomo, hajalazwa nje, na wewe huchoti maji naye. Vyuo vinasema havina nafasi, sawa, lakini kila semista kuna vitanda vya "wageni wa ofisi" ambavyo kila mtu anavijua, hivyo vitumike.

Halafu kosa kama hilo si la kamati pekee. Kuna sheria ya makosa ya kingono ya 2006. Mhadhiri wa kemia na msimamizi wa mesi hawawezi kukaa wakaamua ubakaji kati ya saa nane na saa tisa halafu waseme imeisha. Chuo kishughulike na kitanda na masomo, polisi washughulike na jinai, na chuo kisikwambie uchague moja. Hapo ndio naona kamati zetu zimegeuzwa mahali pa kufunikia, kesi kubwa zinamalizwa kimyakimya ndani, kesi za sufuria ndizo zinapigiwa kelele.

Dada wa Kisii, nilimaliza chuo
Ukisema yeye ndiye ahame niko na wewe. Lakini waandike kwa kanuni, "kwa hekima ya ofisi" hapana. Hiyo hekima naijua, ofisi yenyewe aliyekaa ni mjomba wa mtu.

Mzazi wa Njoro
Kuhamishwa naweza kukubali. Ila bangi bado nasema nje.

Aliyekuwa kiongozi wa wanafunzi, Bondo
Mnasahau kamati ina kiti cha mwanafunzi. Nilikikalia. Tangu sheria ya vyuo ibadilishwe 2016 wanafunzi hawampigii kiongozi kura moja kwa moja, wanachagua wajumbe halafu wajumbe ndio wanachagua viongozi. Sasa ukikaa pale kwa meza unajua fika wajumbe wachache ndio waliokuweka, na utawala unawajua wote kwa majina. Nilikuwa nikifungua mdomo naulizwa kama nimemaliza sapu zangu, ile mitihani ya kurudia. Kwa hivyo kusema "mwanafunzi yumo" haimaanishi kitu sana. Bora mshtakiwa aruhusiwe aje na mtu wake mwenyewe, rumeti, mzazi, mwalimu wa darasa, yeyote anayemwamini.

Janita mstaafu
Na janita aitwe. Nimesema na narudia. Huyo binti wa Butere, mimi ningekuwa pale ningesema kitanda chake kilikuwa kimetandikwa bila kulaliwa, kwa sababu janita yeyote anayejua kazi yake anaangalia hiyo kwanza.

Komredi wa kike, Kakamega
Mzee umenitoa machozi wallahi. Sasa wakili, mimi onyo langu liko kwa faili na nataka kuomba nafasi ya kufanya attachment (mafunzo ya kazini), watauliza barua ya mwenendo mwema. Nimechelewa?

Wakili mdogo, Milimani Kisumu
Angalia barua ya onyo kama imetaja muda wa kukata rufaa. Kama haijataja, hilo lenyewe ni kasoro, liandike la kwanza kabisa kwa rufaa yako na uombe wakupokee nje ya muda. Halafu omba vitu vitatu kwa maandishi: sababu za uamuzi, kumbukumbu za kikao, na nakala ya ukurasa wa kitabu cha geti wa tarehe uliyotoka. Barua igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki na nakala, piga na picha. Usiende kuongea kwa mdomo, utaambiwa "tutaangalia" na itaishia hapo.

Komredi wa kike, Kakamega
Sawa. Sekretari huwa anafunga saa kumi na moja, naipiga chapa saa hii hapo saiba nimpelekee.