HOA iruhusiwe kuuza nyumba ya mtu kwa deni la ada?

Kaka wa Irving: Wadau wa Texas, hili linaniuma. HOA, hiki chama cha wenye nyumba mtaani, kinaweza kuipiga mnada nyumba yako kwa deni la ada. Mnamkumbuka yule kapteni wa Frisco? Yuko Iraq vitani, mkewe kaelemewa na mawazo, barua hafungui. Nyumba ya dola 300,000, isiyo na mkopo wa benki, ikauzwa kama 3,500 hivi kwa deni la 800 na ushee. Walirudishiwa, lakini baada ya kesi. Sheria hiyo ifutwe, na wakili anayewatetea wenye nyumba apewe heshima yake.

Mama Neema: Heshima ipi? Wakili analipwa. Mimi niko kwenye bodi ya mtaa wetu, sipati hata senti. Bwawa, taa, nyasi, nani alipe? Kuna Mbongo mwenzetu hapa ana mwaka hajalipa ada, lakini kila msiba jina lake liko juu kwenye michango.

Msukuma TX: Mama Neema, unalinganisha nyasi na mwili wa ndugu yetu unaosubiri kusafirishwa?

Mama Neema: Sijalinganisha. Nimesema deni ni deni.

Msukuma TX: Umelinganisha, watu wamesoma. Ukifa leo Dallas, hiyo bodi ndiyo itakufikisha Moshi?

Binti Pangani: Jamani, mada. Nimefanya kazi kwa wakili wa kesi hizi. Tangu 2012 HOA ya Texas inatakiwa ipate amri ya mahakama kwanza. Haiuzi nyumba kwa faini tupu. Ikishauza, una siku 180 za kuikomboa tangu wakutumie taarifa. Na una haki ya kukagua vitabu vyao. Tulioshindwa kuwasaidia ni waliotupa barua, wakaja kwetu Jumatatu, na mnada hufanyika Jumanne ya kwanza ya mwezi.

Kaka wa Irving: Amri wanaipata kirahisi tu usipojibu barua ya mahakama. Na ada ya wakili wao unabandikwa wewe! Hapo ndipo deni dogo linapovimba.

Mzee Kibasila: Binti, umesema kukagua vitabu? Basi tuanze na jumuiya yetu. Michango ya msiba wa mwisho, nani kaona hesabu?

Msukuma TX: Mzee, shikamoo, lakini mweka hazina ni mimi. Kama unanituhumu, nitaje.

Mzee Kibasila: Marahaba. Sijamtaja mtu, nimeuliza hesabu.

Mama Neema: Bodi yetu inasoma hesabu kila mwaka mbele ya wenye nyumba wote. Hayo ndiyo mnayoyaita uonevu.

Msukuma TX: Jumamosi naleta risiti zote, za tiketi na za kuhifadhi mwili. Na wewe Mama Neema lete barua mliyomwandikia huyo Mbongo mwenzetu. Tuone mmemdai nini.

Binti Pangani: Huyo mtu aambiwe aombe kulipa kidogo kidogo, kwa maandishi, leo. Mtaa ukizidi nyumba 14, HOA lazima iwe na utaratibu huo, na muda haupungui miezi 3.

Mzee Kibasila: Jumamosi saa ngapi?

Msukuma TX: Saa 10 jioni, Mzee. Na Mama Neema bado hajanijibu la Moshi.