Mrejesho: ile kelele ya injini tumeipata

Ndugu zangu, wiki mbili zilizopita niliuliza kuhusu gari yetu ya viti 7 iliyokuwa inakoroma upande wa mbele wa injini kila asubuhi, na sauti kupanda nikikanyaga mafuta. Fundi wa kwanza alishasema injini imenoki, yaani imekufa kwa ndani, nitafute nyingine. Nilikosa usingizi, maana gari hiyo ndiyo inayompeleka mama kliniki.

Mliniambia nianze na feni belti, ule mkanda wa mpira wa mbele ya injini: niitoe nione kama kelele inabaki. Jumamosi iliyofuata nikaenda kwa fundi mwingine, tukaitoa, tukawasha gari kwa sekunde 20 tu, kwa sababu belti hiyohiyo ndiyo inayozungusha wota pampu, na bila maji kuzunguka injini ingechemka. Kimya! Kelele iliondoka na belti, kwa hiyo tatizo halikuwa ndani ya injini.

Tukazima, tukazungusha puli, yale magurudumu madogo yanayopitiwa na belti, moja moja kwa mkono. Alteneta, ile ya kuchaji betri, laini kabisa. Wota pampu haichezi wala haivuji. Kufika kwenye puli ya tenshena, kile kifaa kinachokaza belti, inakwaruza kama ina mchanga ndani: beringi imekwisha. Nimebadilisha tenshena pamoja na belti, ambayo nayo ilishaanza kupasukapasuka.

Leo ni siku ya tisa, nawasha alfajiri, hakuna sauti. Wewe uliyenisihi nisikubali injini ifunguliwe kabla ya kujaribu bila belti, Mungu akubariki sana. Mama anakusalimia, na Alhamisi tunakwenda kliniki na gari yetu.