Naomba ushauri: kasha jepesi la mafuta kwa X-ray ya kubeba

Wakuu habari zenu, mafundi wa vifaa tiba na mliozoea transfoma naombeni msaada. Nachora kasha la kichwa cha X-ray ya kubeba, tyubu inayotoa mionzi na transfoma ya kilovolti 70 (kV) zote zinakaa kwenye mafuta ya transfoma kama lita 3 hivi, nataka mtu mmoja aweze kuifikisha zahanati ambayo gari haifiki.

Kinachonisumbua hasa ni mafuta kutanuka, kila joto likipanda nyuzi 10 yanaongezeka karibu asilimia 0.7, yaani kutoka 20 mpaka 70 ni zaidi ya mililita 100, na kuacha nafasi ya hewa siwezi maana kiputo kikikaa karibu na volti hizo cheche inaruka. Nawaza kiwambo cha mpira wa naitraili, yaani utando unaonyumbulika mafuta yakitanuka, au niende na belozi ya chuma (kopo lenye mikunjo linalotanuka na kusinyaa) japo ni nzito?

Kasha ni aluminiamu, madini ya risasi ya kuzuia mionzi nazungushia tyubu tu kupunguza kilo, ila mionzi inayovuja lazima ibaki chini ya miligrei 1 (kipimo cha dozi ya mionzi) kwa saa kwa umbali wa mita 1, hapo sibanii kabisa. Halafu kutoa hewa kwenye mafuta kabla ya kuziba mnatumia pampu gani ya vakyumu, ile ya mafundi friji inatosha kweli?