Tupeane uzoefu: mlioanza useremala kama burudani tu, Arusha na Moshi

Mjukuu wa Kihamba
Wakuu, juzi nimepita Unga Limited, mashine inapasua saiprasi, ile harufu ikanirudisha mbali. Nilianza 2019. Wiki nzima nashinda na mafaili ya watu, Jumamosi najifungia uani na randa moja, msumeno na patasi mbili. Kitu cha kwanza kilikuwa kigoda cha mama. Cha pili ndicho kilichonifanya nifungue uzi huu.

Babu alipanda migrivea kihambani Kibosho, ya kutia kahawa kivuli. Mmoja ukaangushwa na upepo. Baba mdogo akataka uwe kuni, nikambembeleza, tukaupasulisha mbao za inchi mbili. Sendofu ya dada ilikuwa baada ya miezi mitatu, na nilishaapa ataondoka na meza ya mti wa babu. Sikusubiri zikauke. Nikaunga ubao wa juu kwa gundi, nikaukaza kwenye fremu kwa skrubu pande zote nne. Usiku wa kuamkia sherehe, saa nane, nikasikia mlio kama tawi limevunjika. Nawasha taa: ufa unapitisha kidole, kuanzia ukingoni hadi katikati. Nilikaa pale sakafuni mpaka kukakucha. Mama akaleta kitambaa aufunike. Dada akakitoa. Akapitisha kiganja juu ya ufa, akasema, "Naenda nayo hivyo hivyo."

Mbao ikikauka hupungua upana, urefu haubadiliki sana. Ukiibana kila upande ni rahisi ipasuke. Wazee huhesabu karibu mwaka mzima kivulini kwa kila inchi ya unene. Leteni yenu.

Wa Pasua
Saiprasi mbichi, milango ya kabati. Masika ilipokwisha ikajikunja kama ngozi juani. Pole mkuu, nakuelewa kabisa.

Fundi Ngarenaro
Mimi hii ndiyo kazi yangu, na nitasema kinachoniuma. Mtu ana mshahara, anamtengenezea jirani kitanda kwa bei ya mbao tu. Mimi nalipa pango, umeme na kijana wa kupiga msasa. Mteja akishaona bei yako ya burudani, yangu anaiita wizi.

Mjukuu wa Kihamba
Fundi, mimi sijawahi kuuza hata stuli.

Fundi Ngarenaro
Wewe hujauza. Wapo wanaouza.

Mama Wawili
Naomba niwasimulie, maana sijawahi kuandika popote. Nilikuwa natengeneza kitanda cha mtoto wangu wa pili, mninga, nguzo nimezichonga mwenyewe. Ilibaki kazi ya wiki moja. Kwa haraka nikafunga diski ya meno ya msumeno kwenye grenda, na kinga nikaitoa kwa sababu diski haikuingia. Ilikata nguzo tatu vizuri. Ya nne ilikuwa na fundo. Diski ikauma, grenda ikaruka mkononi kama kitu chenye uhai, ikapita kwenye shina la dole gumba la kushoto.

Sikusikia maumivu. Niliona vumbi la mbao limegeuka jekundu. Jirani alinifunga kwa khanga, tukapakiwa bodaboda, mimi na tumbo langu la miezi minane, nikiwa nimeinua mkono juu njia nzima. Walinishona kano mbili. Dole gumba mpaka leo linakunja nusu.

Grenda ndogo nyingi huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Diski nyingi za kukatia mbao hazikutengenezwa kwa kasi hiyo, na meno makubwa yakinasa hakuna mkono utakaolizuia lile dude. Nguzo ya nne nilikuja kuikata kwa msumeno wa mkono, mtoto akiwa na miezi mitano. Alilala humo.

Wa Pasua
Dada, pole sana. Nimesoma nikashika vidole vyangu.

Mangi Rau
Pole mama. Ila grenda haina kosa, ni kuizoea. Natumia mwaka wa tatu.

Fundi Ngarenaro
Mangi, usimwambie mtu hivyo! Nimefanya kazi na watu wawili waliozoea. Hesabu ya vidole vyao haifiki ishirini. Toa hiyo diski leo.

Mangi Rau
Haya fundi, nimekusikia.

Mpenda Mkangazi
Ushauri wangu: anza na paini, ukiharibu huumii. Na matambara yenye mafuta ya linsidi, yale ya kupaka mbao, usiyarundike, hupata moto yenyewe. Yatandaze nje yakauke.

Wa Pasua
Mimi nasema anza na mbao nzuri iliyokauka. Ukianza na mbaya unajifunza kuvumilia ubaya.

Mama Rombo
Mgrivea unawasha mwenzenu? Nikiupiga msasa mikono inatoka vipele.

Mpenda Mkangazi
Unawasha baadhi ya watu, mama. Vaa mikono mirefu na barakoa, uoge ukimaliza.

Fundi Ngarenaro
Mama Wawili, kwa dole gumba hilo patasi unaishikaje?

Mama Wawili
Naikandamiza kwa kiganja. Kunoa ndiko kunanishinda, pembe inahama.

Fundi Ngarenaro
Jumamosi mchana nipo kibandani. Njoo na patasi zako, nitakuchongea kibao cha kuishikilia juu ya jiwe. Hiyo sitoi bei.

Mjukuu wa Kihamba
Fundi, nami naweza kuja? Ule ufa nataka kuufunga kwa vipande vya mninga.

Fundi Ngarenaro
Njoo. Kwanza muulize dada yako kama anataka ufungwe.