Mnaomsifu Rais Moi pale uwanja wa Mkunguni, Lamu, semeni basi na habari ya mlolongo, kura ya kupanga foleni

Nimechoka na hizi porojo. Kila uchaguzi ukikaribia, baraza za Amu zinaanza: "Wakati wa Moi hakukuwa na kesi za kura, nchi ilitulia." Vijana waliozaliwa baada ya 2002 wanameza, kesho yake wanasambaza kwenye simu. Haya, kwenye mchujo wa 1988 kesi ingetoka wapi na karatasi ya kura haikuwapo?

Mchujo huo wa KANU, chama tawala, wa kuteua wagombea ubunge, ulikwenda hivi, na nyinyi kina mzee mwajua sana. Wafika uwanjani na kadi ya chama. Huna kadi, rudi kwenu. Wakala wa kila mgombea ameshika picha, nanyi mwajipanga nyuma yake mchana kweupe: chifu akuona, tajiri wako akuona, mkweo yuko mstari wa pili. Katika mji ambao mtu akikohoa Mkomani husikika Langoni, nani atajitenga asimame na mgombea asiyetakiwa na serikali?

Vichwa vinahesabiwa, msimamizi anatangaza, watu wanatawanyika. Basi, na ushahidi ushakwenda zake. Sehemu nyingi za nchi mstari mfupi ulitangazwa mshindi na mrefu ukaambiwa umeshindwa. Utadai kuhesabu nini tena? Nyayo?

Lakini ubaya wenyewe ulikuwa kwenye ile kanuni ya asilimia 70, na hapa ndipo wenye kumsifu wote huwa mabubu. Aliyepita asilimia hiyo kwenye mlolongo aliingia Bungeni moja kwa moja, kura ya siri ya uchaguzi mkuu wa Machi haikumhusu. Tena ni asilimia 70 ya waliojipanga, si ya waliojiandikisha! Pigeni hesabu: watu 1,000 wamejiandikisha, 300 wamejitokeza, 211 wamesimama nyuma ya mtu mmoja. Huyo ni mheshimiwa. Wale 789 wengine shauri yao.

Na ukitaka kulalamika, kwa nani? Chama kilikuwa kimoja kisheria tangu Juni 1982. Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu walivuliwa kinga ya kazi 1986, majaji wakafuata 1988 hiyo hiyo. Jaji ajuaye kwamba Rais aweza kumwachisha kazi atakusikiliza vipi? Kinga ilirudishwa 1990, baada ya makanisa na mawakili kupiga kelele, na mlolongo ukatupwa.

Mwasema alipendwa. Kura za siri ziliporudi 1992 alipata kama asilimia 36, na 1997 kama 40. Hiyo 1992 alipita kwa sababu wapinzani Matiba, Kibaki na Odinga waligawana zaidi ya nusu ya kura. Sisi wa Pwani tulikuwa na IPK, chama cha Kiislamu, ikanyimwa usajili 1992 hiyo hiyo, na leo mtu wa Pwani ndiye ananihubiria amani ya Nyayo, wito wa Moi!

Kuondoka aliondoka, Desemba 2002, na hakung'ang'ania. Hilo nampa. Ila alikuwa ameshakaa miaka 24, na kikomo cha mihula miwili kiliwekwa vyama vingi viliporudi, si zawadi yake.

Mwenye kubisha na alete takwimu. Habari za maziwa ya shule aliyogawa Moi tumeshazisikia.