Websaiti ya michoro yangu haionekani Google, nakosea wapi?

RangiYaBaiskeli
Wakuu habari za jioni. Mimi ni mchoraji wa tingatinga hapa Dar, natumia rangi ileile ya baiskeli kwenye hadibodi kama alivyoanza marehemu mzee Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968. Mwaka jana nikamlipa kijana mmoja laki nne na nusu anitengenezee websaiti, na kwa kweli inapendeza, picha zaidi ya mia, ila ukiandika jina langu Google unaletewa somo yangu mmoja beki wa timu ya mchangani, mimi hata ukurasa wa tano simo. Juzi kuna mteja wangu wa Denmark kaniambia alipoteza kadi yangu ya mawasiliano akanitafuta mtandaoni wiki nzima mpaka akanipata kupitia mwenye hoteli aliyofikia, imeniuma sana. Sasa kijana anataka nimuongeze laki tatu "anisukume" niwe namba moja. Nimpe au ndo naliwa?

MtuWaTemeke
Unaliwa mkuu 😂

FundiWaUsiku
Usimpe hata mia. Google hawauzi nafasi kwenye matokeo ya kawaida, unachoweza kulipia ni tangazo, nalo linaandikwa kabisa kuwa ni tangazo na hela ikiisha linaondoka. Kwanza fanya hivi, pale Google andika site: halafu bila kuacha nafasi weka anwani ya websaiti yako. Zikija kurasa kadhaa tunaongea mengine, isipokuja hata moja ujue hawakujui kabisa na hakuna cha kusukuma hapo.

MtuWaTemeke
Websaiti ya nini zama hizi, posti Instagram maisha yaende

RangiYaBaiskeli
Insta ninayo, ila huyo mzee wa Denmark ana miaka sabini na kitu hana habari nayo. Fundi nimejaribu, haijaja hata moja.

FundiWaUsiku
Nilihisi. Kama imejengwa kwa WordPress, ile programu ya kutengenezea websaiti, ingia seting, bonyeza Reading, shuka mpaka chini utaona kiboksi cha kuziambia mashine za kutafuta zisiorodheshe site. Mafundi wanakitiki wakati wanajenga ili kazi isionekane nusunusu, halafu wanakabidhi wamesahau.

RangiYaBaiskeli
Yesu na Maria. Kimetikiwa. Miezi nane!!!

FundiWaUsiku
Kitoe, sevu. Kisha fungua Search Console, huduma ya Google ya wenye websaiti kuona zinavyoonekana kwao, ni bure, uthibitishe site ni yako na uwape ramani ya site, yaani orodha ya kurasa zake, WordPress za siku hizi zinaitengeneza zenyewe. Usitegemee kesho, inaweza kuchukua siku kadhaa au wiki. Na yule mwenye hoteli mwombe aweke linki yako kwenye websaiti yake, linki moja ya mtu anayekujua kweli inashinda mia za kununua. Kingine, domeini, yaani ile anwani ya websaiti, imesajiliwa kwa jina la nani? Kama ni la kijana ahamishe kabla hujamwambia habari ya kiboksi 😅

VikapuMombasa
Niingilie kidogo, mimi nauza vikapu nimepitia hayo hayo. Hilo neno tingatinga lenyewe ni shida, nimelisachi kwa Kiswahili sasa hivi nikaletewa trekta na mabuldoza, na huku Kenya ukisema Tinga watu wanawaza Raila maana chama chake cha zamani NDP alama yake ilikuwa trekta. Kwa hivyo ukiandika tingatinga peke yake umejipanga foleni moja na wauza trekta. Wateja wako wengi wanaandika Kiingereza, weka maelezo ya lugha zote mbili. Hizo picha mia zina maneno lakini?

RangiYaBaiskeli
Kijana aliandika majina juu ya picha yenyewe, kwa maandishi ya dhahabu. Faili zinaitwa IMG_0412, IMG_0413 hivyo hivyo.

VikapuMombasa
Basi hapo umeficha kila kitu. Mpe kila mchoro ukurasa wake na kichwa chake, faili ipe jina linaloeleweka, na ujaze yale maelezo ya picha ambayo simu humsomea mtu asiyeona. Andika mmoja hapa tuone.

RangiYaBaiskeli
"Mchoro mzuri sana wa wanyama wa Afrika, tingatinga bora, tingatinga Tanzania, bei nafuu, karibuni nyote"

VikapuMombasa
La kaka, huo ni upiga debe wa stendi. Nani anasachi "bora"? Niambie kwenye mchoro kuna nini, kama vile mgeni amesimama mbele yako.

RangiYaBaiskeli
Kuna chui wawili wamelala kwenye tawi la mbuyu, ndege wekundu kumi na mmoja wanawachungulia, nyuma rangi ya chungwa jua linazama. Rangi ya mafuta kwenye hadibodi, futi mbili kwa mbili, nimechorea hapa Dar.

VikapuMombasa
Bandika hivyo hivyo usiguse neno.

FundiWaUsiku
Na upunguze uzito wa picha, nyingine hapo ni MB sita, mtu wa bando la buku anafunga kabla haijafunguka.

RangiYaBaiskeli
Wakuu nimerudi, wiki ya tatu hii. Jina langu linakuja, nipo chini ya somo yangu beki. Nimeshaandika michoro 14, binti yangu ananisaidia Kiingereza. Jana kuna mtu kaandika kabisa chui wawili kwenye mbuyu akafika kwangu, ila ule mchoro niliuza tangu Januari. Niufute?

VikapuMombasa
Usifute!! Andika umeuzwa, chini yake weka picha za chui wengine ulio nao na namba ya WhatsApp.

RangiYaBaiskeli
Chui sina hata mmoja. Ngoja nikakate hadibodi.